Majina Matatu ya Mwenye Laini

Noonkipa aliitunza ile simu kama mbegu ya msimu ujao. Aliifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo akaliweka kwenye uchaga juu ya kitanda, mbali na moshi na mikono ya wajukuu. Kila siku ya mnada aliitoa, akatembea nayo hadi Kabuku kuichaji dukani kwa Habakuki, na jioni akarudi nayo imejaa, imewashwa. Hakumpigia mtu. Shemeji yake Leboo alipoiomba siku moja amuulize dalali wa Korogwe bei ya madume, alimjibu kwamba ile simu si ya kuchezea, ina kazi yake moja tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kumsubiri Taiyo, mwanawe wa kwanza. Taiyo alikuwa Zambia na vijana wenzake, wakiuza dawa za miti shamba mji kwa mji. Kila baada ya miezi miwili mitatu alipiga nyumbani, kila mara kwa simu ya kuazima, na namba moja tu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya baba yake, ya simu hiyo hiyo ya kwenye kopo. Mara ya mwisho alipiga mwezi wa pili. Masika yalipoanza, baba yake aliugua tumbo wiki moja, akafa. Habakuki alizijaribu zile namba za Zambia zilizobaki kwenye simu. Moja haikuita, nyingine ikapokewa na mwenye baa asiyemjua Taiyo wala baba wa Taiyo. Kwa hiyo pale bomani hapakuwa na la kufanya ila kungoja apige mwenyewe.

Na akipiga, Noonkipa alishajua atakavyosema. Aliyapanga maneno kila usiku na kila alfajiri alipokuwa akikamua. Angemwacha kwanza amalize salamu, amuulize mvua, amuulize ng'ombe, ng'ombe mmoja mmoja. Kisha angemwambia, mwanangu, uko peke yako au una wenzio? Waite wakae karibu. Halafu ndipo angesema kwamba mzee amelala. Hivyo ndivyo mtoto anavyopewa habari ya baba yake, kwa mdomo wa mama yake, taratibu, kwa lugha yake. Asingekubali aisikie kwa mtu mwingine yeyote.

Habakuki alikuwa Mshambaa wa Lutindi, mtu mpole, mwenye duka la vocha, sabuni na mafuta ya taa, na betri kubwa ya gari iliyochaji simu za nusu ya nyika ile. Kwa wasiojua kusoma yeye ndiye aliyekuwa macho yao. Kila alipoiwasha simu ya Noonkipa, meseji za kampuni zilimiminika hadi simu ikapiga kelele ya kujaa. Hongera, umebakiza hatua moja kushinda pikipiki. Mpenzi wako anakuwaza, tuma neno MOYO. Jua nyota yako leo. Bibi wa Kimasai mwenye miaka hamsini na ushee, mjane wa miezi miwili, anaambiwa atume neno MOYO.

"Takataka tupu, mama," Habakuki alikuwa akisema. "Nakufutia."

Alizifuta kwa kumi kumi bila kuzisoma, maana nani ana maisha ya kutosha kusoma upuuzi wote ule.

Kampuni yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Imejitangaza vya kutosha. Imepaka njano kila ukuta kuanzia Segera hadi Mkata, na choo cha stendi hakikupona.

Siku moja ya mnada, mwezi wa saba, Habakuki aliiwasha simu akaona vijiti vya mtandao havipo. Akaitoa laini, akaifuta kwenye shati, akairudisha. Akaijaribu kwenye simu yake mwenyewe. Kisha akaanza kuzipitia meseji zilizosalia, moja moja, na alipofika katikati akairudia moja mara mbili.

"Kuna nini?" Noonkipa akauliza.

"Laini imefungwa, mama." Akasoma kwa sauti. "Mpendwa mteja, hujaongeza salio kwa siku themanini. Ongeza salio sasa kuepuka kupoteza namba yako." Akaiweka simu mezani. "Bila shaka walituma na nyingine kabla ya hii. Nimezifuta mimi pamoja na zile za pikipiki. Nisamehe."

"Lakini sijaitumia hata mara moja."

"Ndiyo kosa lenyewe. Wanataka uitumie. Ungeweka vocha hata ya mia tano tu, wangekuacha."

Noonkipa hakuelewa, na kusema kweli halikuwa jambo la kueleweka na mtu mwenye akili zake. Kwao kitu unachokiheshimu hukigusi ovyo. Yeye alidhani kila simu inayopigwa inakula kidogo katika uhai wa laini, kama mafuta ya koroboi, naye aliyaacha mafuta yote kwa ajili ya mwanawe. Kumbe kule kutunza ndiko kulikoua. Hakumlaumu Habakuki. Alimwomba amwandikie ile namba kwenye karatasi, akaifunga pembeni ya shuka.

Habakuki alipiga huduma kwa wateja. Akapigiwa muziki. Akaambiwa abonyeze moja, kisha nne, kisha asubiri maana wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine, na muziki ukarudi pale pale ulipoanzia. Simu ikakatika yenyewe. Alirudia mara tano, na mara ya tano mtu wa kweli alipokea akasema jambo hilo linashughulikiwa ofisini Korogwe, siku njema.

Basi Noonkipa akaenda Korogwe. Safari ya kwanza, mwishoni mwa mwezi wa saba, alikaa hadi saa tisa akaambiwa mfumo uko chini, aje siku nyingine. Safari ya pili, mwezi wa nane, binti wa dirishani alibonyeza kompyuta akasema namba ipo, mama usiwe na wasiwasi, wewe nenda tu kalete kadi ya kupigia kura ya mwenye laini. Noonkipa alishuka zile ngazi moyo mweupe. Lakini kadi ya marehemu ilikuwa kwa ndugu zake upande wa pili wa Handeni, na ndugu walikuwa wamehama na mifugo kufuata maji, na kuwatafuta kulichukua wiki sita. Alipoipata, alipanda gari la alfajiri hiyo hiyo. Ilikuwa mwezi wa kumi.

Ofisini mlikuwa na baridi ya mashine, na harufu ya manukato iliyomkaa kooni tangu mlangoni. Ukutani televisheni ilionyesha watu wenye meno mazuri wakizicheka simu zao. Mlinzi alimpa kikaratasi cha namba ya foleni, akamwonyesha benchi. Aliyekaa naye alikuwa mwanamke mnene wa Masuguru, Paulina, mpika vitumbua, na hasira zake zilikuwa zimeumuka kuliko vitumbua vyake.

"Shikamoo, mama," Paulina alisema, ingawa hawakupishana miaka mingi.

"Marahaba. Na wewe wamekufungia?"

"Afadhali wangenifungia. Mimi wameniwekea wimbo. Mtu akinipigia, badala ya kusikia simu inaita, anasikia kijana anaimba anaomba kushikwa kiuno. Sikuuomba, sijui unatoka wapi, na kila wiki wanakata hela ya wimbo. Juzi kanipigia mchungaji. Mimi ni mwimbaji wa kwaya, mama, sauti ya pili. Kasikiliza kiuno mpaka mwisho, kisha kaniuliza kama nina matatizo nyumbani."

Watu wa benchi wakacheka, na kila mmoja akatoa la kwake. Mmoja alinunua vocha ikagoma, akaambiwa imeshatumika. Mwingine alipiga dakika mbili akakatwa za kumi. Ukishangaa ya Musa utaona ya Firauni; mzee mmoja wa Mombo alikuwa amerudi kwa mara ya saba, na kila safari anaambiwa mpendwa mteja. Noonkipa alisikiliza. Alikuwa amewahi kuibiwa ng'ombe, na wezi wa ng'ombe huja wakijua wanaweza kuuawa. Hawa walikaa kwenye baridi, wamevaa tai, na aliyeibiwa ndiye aliyekuwa akipanga foleni.

Zamu yake ilifika saa sita na nusu. Binti wa dirishani alivaa kibandiko chenye jina Grace, na Paulina, ambaye hakualikwa, alisimama nyuma ya Noonkipa ili ajionee mwenyewe yanayoendelea. Grace alipeleka kiti chake nyuma kidogo, akajipangusa pua kwa tishu. Noonkipa aliliona hilo. Alijua ananuka maziwa na moshi, na hakuona aibu, maana hiyo ndiyo harufu ya nyumba yenye watu.

Alieleza upya yote, tangu masika. Grace akaipokea kadi, akaitazama mbele na nyuma.

"Pole na msiba, mama. Sasa laini ya marehemu hatuirudishi hapa dirishani, ni mpaka makao makuu waidhinishe kwa simu. Nitakuunganisha. Watakuuliza maswali, ujibu mwenyewe."

Akampa mkono wa simu ya mezani. Sauti ya mwanamume ilikuwa laini, ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Karibu, mpendwa mteja. Kwa usalama wako, mazungumzo haya yanarekodiwa. Tafadhali taja majina matatu ya mwenye laini."

Noonkipa akaitazama kadi mkononi mwa Grace.

Kwao mke hamtaji mumewe kwa jina hata akiwa hai. Kwa miaka thelathini na tatu alimwita baba Taiyo, na alipotaka kumwita kwa heshima zaidi hakumwita kabisa, alimgeukia tu. Na mtu akishakufa jina lake hufukiwa pamoja naye. Wenye jina kama hilo hutafutiwa jingine, na wanaomzungumzia humzunguka kwa maneno, yule mzee, yule wa boma la mashariki, mpaka kila mtu ajue ni nani bila kutajwa. Kulitaja ni kumsumbua. Tangu masika hakuna mdomo pale bomani uliolitoa, hata wa mtoto mchanga.

"Kadi anayo huyu binti," alisema. "Jina limeandikwa hapo. Asome yeye."

"Mama, simu haioni kadi," Grace akasema. "Wewe taja tu."

"Nisomee wewe umwambie."

"Siruhusiwi. Lazima iwe sauti ya anayedai laini. Ni utaratibu."

"Kwetu haisemwi."

"Haisemwi nini?"

"Jina la mzee aliyelala. Mke wake halisemi."

Grace alimtazama, kisha akaitazama saa. Hakuwa na roho mbaya, binti wa watu. Alikuwa tu hajafundishwa kwamba ng'ambo ya kile kioo kuna watu. "Mama, ni majina tu. Sekunde mbili. Ukishindwa, nakata, nyuma yako kuna foleni."

"Mpendwa mteja, bado upo hewani?" sauti ikauliza.

Paulina akasogea. "Si umsomee tu, wewe mtu gani wewe," akamwambia Grace. "Huoni mwenzio yuko kwenye eda?" Mlinzi akamshika Paulina kiwiko, akamrudisha hatua mbili.

Noonkipa alimfikiria Taiyo amesimama pembeni ya duka la watu huko Zambia, simu ya kuazima sikioni, akiambiwa kwamba baba yake hapatikani kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Akapima hilo na mwiko wa jina. Kisha akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa pembe ya shuka, akayataja. La kwanza lilikuwa alilopewa na mama yake, la pili la baba yake, la tatu la ukoo. Aliyatoa kama mtu anayetapika mbele za wakwe, polepole, akijizuia asisikike. Na yote matatu yaliingia kwenye ile mashine inayorekodi, yakahifadhiwa humo.

"Asante kwa kusubiri," sauti ikasema baada ya muda. "Samahani, majina uliyotaja hayalingani na usajili wetu."

"Ndiyo majina yake."

"Inaonyesha namba hii ilirudi sokoni na kusajiliwa kwa mteja mwingine tangu tarehe tatu mwezi wa tisa. Kwa hiyo haiwezi kurudishwa. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

"Mwezi wa nane nilikuja hapa. Mliniambia ipo."

"Mwezi wa nane ilikuwepo, mpendwa mteja. Asante kwa kuchagua huduma zetu."

Noonkipa akarudisha mkono wa simu. Alimwuliza Grace kama alijua namba imeshauzwa kabla hajamlazimisha kusema, na Grace akajibu, bila kumtazama, kwamba kwenye kompyuta yake jambo hilo halionekani, huonekana kwa wakubwa tu. Alisema pia kwamba anaweza kumuuzia laini mpya, na wiki hii zinatolewa pamoja na fulana.

Akarudi kwenye benchi akakaa. Hakulia. Kilichokuwa ndani yake hakikuwa kilio, kilikuwa kinyaa, kama mtu aliyekunywa kibuyu cha maziwa akakuta panya chini. Aliona mdomo wake umechafuka na hakuna maji ya kuusafisha. Jina la mumewe, ambalo hakumtamkia hata yeye mwenyewe akiwa hai, amewapa watu wa njano, nao wakamwambia si lenyewe.

Paulina akakaa kando yake, akaacha zamu yake ipite.

"Leta hiyo karatasi yenye namba," akasema. "Tumpigie huyo aliyeuziwa. Labda ni mtu wa Mungu, atakurudishia, au basi atakupokelea ujumbe wa mtoto."

Noonkipa hakuwa amefikiria hilo. Akaifungua pembe ya shuka. Paulina akabonyeza namba, akaongea kidogo, shikamoo na samahani na huyu ni mama aliyekuwa na namba hii, kisha akamkabidhi simu. "Anaitwa Mdoe, fundi ujenzi, yupo Handeni mjini. Anaonekana mtu mzuri."

"Shikamoo, mama," Mdoe akasema. Nyuma yake paligongwa nyundo. "Pole sana. Mimi laini nimeinunua dukani, sikujua ni ya mtu. Ningejua nisingechukua, maana imeniletea karaha."

"Karaha gani?"

"Kuna jamaa mmoja alinisumbua sana. Anapiga kwa namba za nje, ndefu ndefu, anaongea Kimasai. Nikimwambia umekosea, anakata, anapiga tena. Siku hiyo alinipigia mara nne, nipo juu ya paa, jua kali. Mara ya nne akaongea Kiswahili, akasema naomba mzee, mpe simu mzee, mwambie ni Taiyo." Mdoe akacheka kidogo. "Basi nikaona nimkomeshe. Nikamwambia mwenye simu hii amekufa. Uongo wa kawaida tu, mama, ili mtu akuache. Na kweli hajapiga tena, huu mwezi sasa."

Noonkipa aliisikia nyundo ile, ikagonga, ikanyamaza, ikagonga.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo. Ulipomwambia."

"Alinyamaza sana. Nikadhani salio limemwishia. Halafu akauliza, amezikwa wapi." Mdoe hakucheka safari hii. "Nikamwambia sijui bwana, makaburini, nikakata. Mama? Wewe ndiye nani kwake?"

"Mama yake."

Upande wa pili Mdoe alimpigia mtu kelele aache kugonga.

"Na mzee?" akauliza.

"Amelala tangu masika. Hukusema uongo."

Mdoe alipoongea tena, sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alisema hakuihifadhi ile namba ya nje, na kumbukumbu za simu hujifuta. Alisema, wallahi mama, hakujua. Aliomba atajiwe jina la marehemu, ili kijana akipiga tena amweleze sawasawa.

"Jina nimelitaja leo hapa ofisini," Noonkipa akajibu. "Halikusaidia kitu. Silirudii. Akipiga, mwambie baba yake amezikwa nyuma ya zizi la ndama, upande jua linapotokea. Mwambie hakuteseka siku nyingi. Mwambie mama yake yupo, na ndiye aliyetaka kumwambia."

"Nitamwambia. Akipiga nitamwambia yote."

"Akipiga," Noonkipa akasema, akamrudishia Paulina simu yake.

Walitoka pamoja. Mlangoni Paulina aligeuka, akakusanya mate yote aliyokuwa nayo akayatema kwenye kizingiti cha njano, mlinzi akimtazama, kisha akamtazama mwenzake kama anayempisha na yeye afanye. Noonkipa alikuwa na mate mdomoni, mengi na machungu. Lakini kwao mate hutemewa mtoto anayezaliwa, na kijana anayeondoka kwenda mbali, kama alivyomtemea Taiyo kwenye viganja siku aliyokwenda Zambia. Ni baraka, na baraka haitolewi kwa watu wa namna ile. Akayameza, akashuka ngazi kwenda kutafuta gari la Kabuku.